Je, Wajua? Kichaa cha Mbwa Kikishafika Ubongoni

Asubuhi ya Julai mjini Sumbawanga, baridi ya uwanda wa Ufipa ikiwa bado haijaachia, mbwa hulala kando ya barabara wakiota jua. Wengi wana wenyewe. Usiku walilinda zizi na ghala la mahindi. Baadaye watawafuata watoto hadi shambani. Ni wanyama wa nyumbani, na ndiyo maana mmoja wao aking'ata, familia husema, "Ah, si mbwa wetu tu." Jeraha hufungwa kitambaa, na maisha yakaendelea.

Safu ya leo inahusu yale yanayoweza kufuata. Swali ni moja: virusi vya kichaa cha mbwa vikishaingia kwenye ubongo wa mtu, je, kuna tiba? Jibu fupi ni kwamba tiba ya kutegemewa bado haipo popote duniani. Jibu refu lina mambo ya kushangaza, na mengine ya kutia moyo. Yasome moja baada ya jingine, kisha umsomee na jirani.

SAFARI YA KWENDA KICHWANI

1. Je, wajua kuwa virusi hivi havitegemei damu kufika kichwani? Hupita kwenye neva, zile nyuzi zinazobeba hisia na amri za mwili. Mate ya mbwa mgonjwa yakiingia kwenye jeraha, virusi hukaa kwanza kwenye nyama, kisha hushika ncha ya neva, hupanda nayo hadi kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo huingia ubongoni.

2. Mwendo wao ndani ya neva hukadiriwa kuwa milimita 50 hadi 100 kwa siku. Kwa siku nzima, usiku na mchana, havizidi sana upana wa kiganja chako.

3. Tangu kung'atwa hadi dalili kuanza, kwa kawaida hupita miezi 2 hadi 3. Kuna waliougua baada ya wiki moja, na wengine baada ya mwaka. Muda wote huo mtu analima, anacheka, anakula ugali wake wa ulezi bila kuhisi lolote. Huo ndio muda wa kumwokoa. Huo pia ndio muda unaopotea, kwa kuwa kidonda kimeshafunga na kila mtu amesahau.

4. Jeraha la usoni, kichwani au shingoni ni la hatari zaidi kuliko la mguuni, kwa sababu njia ya kufika ubongoni ni fupi. Sasa mpime mtoto wa miaka minne kwa macho: uso wake uko usawa mmoja na mdomo wa mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu 40 katika kila 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15.

5. Si lazima meno yazame. Mkwaruzo unaotoa damu unatosha. Mbwa akilamba kidonda kibichi, jicho au mdomo wa mtoto, mate yameshapata mlango.

6. Kirusi hiki kina jeni 5 tu. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000. Kwa jeni hizo tano kinaweza kumbadilisha mnyama mpole akawa mkali, kikajaa kwenye mate yake, kisha kikamsukuma ang'ate wengine.

7. Kila mnyama anyonyeshaye anaweza kuupata: mbwa, paka, ng'ombe, punda, fisi, mbweha, nguchiro. Hata hivyo, karibu vifo vyote vya binadamu, 99 katika kila 100, hutokana na mbwa.

NDANI YA UBONGO

8. Mpe mgonjwa kikombe cha maji. Ana kiu, midomo imekauka, na maji ameyaomba mwenyewe. Akisogeza kikombe mdomoni, koo linakaza, kifua kinashtuka, shingo inarudi nyuma, na kikombe kinaanguka. Baada ya hapo, hata mlio wa maji yakimiminwa kwenye ndoo unatosha kuamsha mkazo ule. Hiyo ndiyo hofu ya maji. Hakuna pepo hapo, wala mtu hajarogwa. Virusi vimeshika sehemu za ubongo zinazoongoza kumeza na kupumua.

9. Upepo nao humtesa. Kumpepea mgonjwa usoni kwa kipande cha gazeti, jambo ambalo ndugu hulifanya kwa huruma, kunaweza kumletea mkazo uleule.

10. Kati ya mashambulio hayo, mgonjwa mara nyingi ana akili zake timamu. Anawatambua watoto wake, anajibu maswali, anaelewa kinachosemwa kitandani kwake. Kumbuka hilo kabla hujazungumza karibu naye.

11. Je, wajua kuwa kuna kichaa cha mbwa kisicho na kichaa? Mgonjwa mmoja kati ya watano hapigi kelele wala haogopi maji. Miguu huanza kulegea, udhaifu hupanda taratibu, kisha hupoteza fahamu. Aina hii ya kupooza mara nyingi haitambuliwi.

12. Huko Blantyre, Malawi, nchi jirani yetu, watafiti walichunguza vifo 26 vilivyokuwa vimedhaniwa kuwa vya malaria ya kichwani. Vifo 3 kati ya hivyo vilikuwa vya kichaa cha mbwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007. Kwa hiyo mgonjwa akifikishwa hospitali akiwa amechanganyikiwa, mwambie daktari kama aliwahi kung'atwa, hata kama ni miezi mingi iliyopita.

13. Ubongo wa aliyekufa kwa ugonjwa huu mara nyingi hauonekani kuharibika sana. Chembe hazijafa kwa wingi, zimevurugwa kazi. Mwaka 1903, daktari wa Italia, Adelchi Negri, aliona vidoa vidogo ndani ya chembe za ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa cha mbwa. Kwa miaka mingi vidoa hivyo, vilivyopewa jina lake, ndivyo vilivyotumika kuthibitisha ugonjwa kwa darubini.

14. Mishipa midogo ya damu inayolisha ubongo imebanana sana kuta zake, ili sumu na vijidudu visipenye. Katika maradhi mengi ya ubongo ukuta huo hulegea, na askari wa mwili wakaingia kupigana. Kwenye kichaa cha mbwa unabaki umefungwa. Askari wako nje, adui yuko ndani, na dawa nyingi pia zinaishia nje. Hiki ndicho kikwazo kikubwa cha tiba.

15. Dalili zikishaanza, kifo kwa kawaida hufuata ndani ya siku 7 hadi 10. Magonjwa ya kuambukiza yanayoua karibu kila anayeonyesha dalili zake kama huu ni machache mno.

WALIOJARIBU KUTIBU

16. Je, wajua kuwa kuna msichana aliyepona bila kupata chanjo hata moja? Mwaka 2004, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Jeanna Giese, aliyekuwa na miaka 15, alimwokota popo kanisani ili amtoe nje, na popo akamng'ata kidole. Alioshwa jeraha lakini hakupelekwa hospitali. Yapata mwezi mmoja baadaye akaanza kuona vitu viwiliviwili na kushindwa kutembea vizuri.

17. Daktari wake mjini Milwaukee, Rodney Willoughby, aliwaza hivi: ikiwa kirusi hakiui chembe za ubongo bali kinazivuruga, basi tuulaze ubongo usivurugike, kinga ya mwili ipate muda wa kufika. Akamlaza binti kwenye usingizi mzito kwa ketamini na midazolamu, akaongeza dawa mbili za kupambana na virusi, ribavirini na amantadini. Kinga yake ilipopanda, wakamwamsha.

18. Alitoka hospitali Januari 2005, baada ya wiki kama kumi na moja. Ilimbidi ajifunze upya kusimama, kutembea na kutamka maneno. Baadaye alimaliza masomo ya chuo, akaolewa, akawa mama.

19. Habari hizo ziliamsha matumaini kila mahali, na madaktari wa nchi nyingi wakaijaribu njia ile ya Milwaukee. Wengi mno wa waliolazwa hivyo walikufa. Wataalamu wakamrudia Giese mwenyewe na kukumbuka jambo muhimu: alipofika hospitali, tayari mwili wake ulikuwa na kingamwili, na kirusi chenyewe hakikuwahi kupatikana kwake. Huenda kinga yake ilikuwa inashinda kabla ya usingizi. Mwaka 2016, Zeiler na Jackson wa Canada waliandika kuwa njia hiyo imeshindwa na iachwe.

20. Afrika Mashariki imo kwenye historia hiyo. Mwaka 2007, mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo mdogo akiwa Tsavo Magharibi, Kenya. Ugonjwa ulimshika aliporudi kwao. Hospitali ya Amsterdam ilijaribu njia ya Milwaukee kwa vifaa vyote vya kisasa, na bado akafa. Kilichomuua kilikuwa kirusi cha Duvenhage, ndugu wa karibu wa kirusi cha kichaa cha mbwa. Hata fedha na mashine za Ulaya hazikufua dafu baada ya ugonjwa kufika kichwani.

21. Duniani kote, walionusurika baada ya dalili kuanza na kuthibitishwa kitaalamu ni takriban watu 30 tu. Wengi wao walikuwa wameshapata angalau dozi ya chanjo kabla ya dalili, na wengi walibaki na ulemavu. Linganisha na wanaokufa: takriban watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia.

22. Sasa habari njema kutoka maabara. Mwaka 2023, kikundi cha mtafiti Brian Schaefer nchini Marekani kilieleza kuwa kilitumia kingamwili moja ya maabara, iitwayo F11, kwa panya ambao virusi vilikuwa vimeshafika ubongoni na dalili zimeanza. Dozi moja ilitosha: virusi vilipungua na panya wakapata nafuu.

23. Kilichowashangaza ni kwamba kingamwili hiyo haikuhitaji kupenya ule ukuta wa ubongo. Ilibadilisha mwenendo wa chembe za kinga, nazo ndizo zilizoenda kuifanya kazi ndani. Hao ni panya, na kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni safari ndefu. Lakini kwa mara ya kwanza tuna sababu nzuri ya kusema tiba ya ubongo si ndoto.

24. Mpaka siku hiyo ifike, mgonjwa aliyechelewa bado anastahili tiba: tiba ya kumpunguzia mateso. Chumba chenye utulivu na mwanga hafifu, pasipo upepo. Dawa za kumtuliza kama diazepamu au midazolamu, mofini ya maumivu, maji ya dripu badala ya kikombe. Asifungwe kamba kitandani. Ndugu wakae naye kwa zamu, wamshike mkono.

25. Je, wajua kuwa kumshika mkono si hatari? Maambukizi kutoka mtu hadi mtu yaliyothibitishwa yametokana na kupandikizwa viungo, kama kioo cha jicho au figo, kutoka kwa aliyekufa kwa ugonjwa huu bila kujulikana. Anayemhudumia mgonjwa avae glavu, ajikinge na mate, na akiingiwa na mate jichoni, mdomoni au kwenye kidonda apate chanjo. Hakuna sababu ya kumtelekeza mtu afe peke yake.

UFIPA NA MAJIRANI

26. Wenyeji hufasiri jina Sumbawanga kuwa ni agizo: tupa uchawi wako. Kwa ugonjwa huu agizo hilo ni dawa. Kila siku inayopotea kwa kutafuta aliyeroga ni siku ambayo virusi vinasogea upana wa kiganja kingine.

27. Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga ina jina la Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, kisha akaja kutibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya miaka 60. Alikuwa bado mwanafunzi huko Malta tarehe 6 Julai 1885, siku ambayo mjini Paris Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa. Meister alichomwa sindano 13, akapona. Chanjo hii ina umri mkubwa kuliko hospitali yoyote ya mkoa wa Rukwa.

28. Ufipa ni nchi ya maksai. Sasa sikia hili kwa makini. Ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa hudondosha mate mengi, hulia kwa sauti ya ajabu na hushindwa kumeza. Mwenyewe hudhani amekwamwa na gunzi la mahindi, akaingiza mkono kooni kulitoa. Usiingize mkono. Mtenge ng'ombe huyo, mwite ofisa mifugo, na nyama yake isiingie jikoni.

29. Kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga ni kilomita 112. Anayekaa Muze au Mtowisa, chini bondeni, hana budi kupanda ngazi ya milima ya Lyamba lya Mfipa ili afike mjini. Chanjo ya binadamu kwa kawaida hupatikana hospitali kubwa, si kila zahanati. Kwa hiyo jeraha likishaoshwa, piga simu kwanza uulize chanjo ipo wapi, kisha panda gari kuelekea huko moja kwa moja.

30. Mwaka 2009, katika eneo la Ikoma, Serengeti, fungo alimng'ata mtoto kisha akauawa. Ubongo wake ulipochunguzwa, kirusi kilichomo hakikuwa cha kichaa cha mbwa; kilikuwa ndugu yake wa mbali asiyewahi kujulikana. Leo kinaitwa kirusi cha Ikoma duniani kote, na chanjo zilizopo hazitarajiwi kukizuia.

31. Mwaka huohuo, kwenye mapango ya Shimoni, pwani ya Kenya, watafiti walimkuta popo mwenye kirusi kingine kipya cha ukoo huu. Nacho kikapewa jina la Shimoni. Popo aliyeanguka chini mchana hashikwi kwa mkono mtupu, na mtoto asimchezee.

DAWA ILIYO MKONONI MWAKO

32. Je, wajua kuwa silaha ya kwanza inauzwa dukani kwa mangi? Ni sabuni ya mche. Kaa kwenye kigoda, mguu juu ya beseni, mtu amimine maji kwa kata, nawe usugue jeraha kwa povu, usuuze, upake tena, usuuze tena. Fanya hivyo dakika 15 kamili kwa kutazama saa, muda wa kusonga ugali wa familia na kuupakua. Kirusi hiki kina gamba la mafuta, na sabuni hulivunja. Maji ya bombani, ya kisima au ya mto, yote yanafaa kuliko kungoja.

33. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala majani. Usilifunge jeraha kwa nguvu. Lisishonwe kwanza isipokuwa daktari ameona hapana budi.

34. Wazee wengi bado wanaogopa sindano za tumboni. Chanjo za zamani zilitengenezwa kwa ubongo na uti wa mgongo wa wanyama, na sindano zilikuwa nyingi, tena tumboni. Zama hizo zimepita. Chanjo ya sasa huchomwa begani. Kwa watoto wadogo huchomwa pajani.

35. Tangu mwaka 2018, WHO inapendekeza ratiba fupi ya kuchoma ndani ya ngozi: siku ya kwanza, siku ya 3 baada yake na siku ya 7, sehemu mbili kila safari. Kila sehemu hupewa mililita 0.1 tu, hivyo kichupa kimoja huwahudumia watu kadhaa. Kamilisha dozi zote utakazopangiwa. Nusu ya chanjo si kinga.

36. Jeraha likiwa la kina, daktari anaweza kuongeza imunoglobulini, yaani kingamwili iliyo tayari, inayochomwa ndani ya jeraha lenyewe. Hiyo huvikamata virusi mlangoni, wakati mwili ukijifunza kutengeneza yake kwa msaada wa chanjo.

37. Mjamzito anaruhusiwa kuchanjwa. Mtoto mchanga pia. Aliyechelewa wiki tatu naye aende. Maadamu dalili hazijaanza, mlango uko wazi.

38. Mbwa aliyeng'ata, kama ana mwenyewe na yuko mzima, asiuawe haraka. Afungwe na kutazamwa siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata, ataugua na kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, hakukuambukiza. Lakini wewe usisubiri siku 10 ndipo uende hospitali. Anza chanjo, daktari ataisimamisha ikibidi.

39. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa Tanzania ilikuwa ikipoteza watu karibu 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, ilhali vifo vilivyoandikwa kwenye taarifa za serikali vilikuwa kama 11 tu kwa mwaka. Wengi wa waliobaki huenda walifia nyumbani, au walizikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

40. Sasa habari ya matumaini makubwa kuliko zote. Utafiti wa miaka mingi Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na kidogo tu. Ugonjwa huu unaoua karibu kila anayeugua ni dhaifu katika kuenea. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100 kijijini, ugonjwa unakosa pa kwenda na kuzimika.

41. Pemba walifanya hivyo. Kampeni za kuchanja mbwa zilikizima kichaa cha mbwa kisiwani mwaka 2014. Kikarejea mwaka 2016 kikitokea nje ya kisiwa. Wakarudi tena vijijini kuchanja, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikawa kimetoweka kwa mara ya pili.

42. Umeme haupo kijijini, chanjo itakaaje baridi? Watafiti walipima chanjo ya mbwa inayotumika sana wakakuta inahimili nyuzi 25 za joto kwa miezi 6, na nyuzi 30 kwa miezi 3. Kisha watafiti, akiwemo Mtanzania Ahmed Lugelo, wakatengeneza vyombo vya udongo vinavyopoza chanjo kwa maji yanayofyonzwa na hewa, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Kwa Wafipa, ambao mababu zao walijenga kwa udongo matanuru ya kuyeyushia chuma yenye kimo cha kumpita mtu, teknolojia hiyo haina ugeni.

43. Siku ya chanjo utawatambua kwa mbali: watoto wanaburuta mbwa kwa kamba za katani kuelekea uwanja wa shule, mbwa mmoja amegoma na kukaa chini, kaka mtu amembeba mwingine begani kama mwanakondoo. Sindano huchukua sekunde chache. Mbwa huandikiwa kadi. Mtoto aliyekuja na mbwa huyo ameilinda nyumba yake yote.

44. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Lengo la dunia ni kwamba kufikia mwaka 2030 asife mtu hata mmoja kwa kichaa kinachotokana na mbwa.

Ndugu msomaji, wanasayansi waendelee kuutafuta ufunguo wa ubongo, nasi tuwaombee mafanikio. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hadi leo hakuna fundi aliyeweza kuujenga kwa uhakika. Ufa unazibwa kwa sabuni, maji, chanjo ya mbwa na safari ya mapema kwenda hospitali. Leo jioni, kabla hujafunga mlango, mwangalie mbwa wako na ujiulize kadi yake ya chanjo iko wapi. Kama haipo, kesho asubuhi mtafute ofisa mifugo wa kata yako. Na mtoto akirudi nyumbani na alama ya meno, usiseme "si mbwa wetu tu." Teka maji, shika sabuni, anza kuhesabu dakika 15.